Jeli ya minoksidili iliyotengenezwa saluni: kwa nini inatoa chembechembe, na kwa nini isiendelee kupakwa

*Swali: Nina saluni ya kike, na kwa miaka michache sasa natengeneza mwenyewe jeli ya kulaza nywele ambayo wateja wanaipenda. Wengi wao wamekatika nywele za mbele na za kwenye panja kwa sababu ya rasta na wivingi. Nimesikia kuwa minoksidili inaotesha nywele, lakini ile ya maji inachuruzika hadi usoni na baadhi yao inawawasha. Nikanunua vidonge 50 vya miligramu 10, nikavisaga, nikavilowesha kwa maji ya alovera na kuchanganya katika gramu 100 za jeli yangu ya Carbopol ili nipate jeli ya asilimia 5. Siku ya pili jeli ilikuwa na chembechembe kama mchanga, tena imelegea. Nikiipasha moto chembe zinapungua, ikipoa zinarudi. Wateja watatu wameshaanza kuitumia. Nimekosea wapi? Nikiongeza mafuta ya nyonyo yatasaidia kuyeyusha?*

Dada yangu, umeuliza kuhusu chembechembe, nami nitakujibu kwa kirefu kwa sababu ndani ya chembe hizo umo ufunguo wa jambo lote. Lakini katika barua yako kuna swali jingine ambalo hukuliandika, nalo ni kama vichwa vya wateja wako vinahitaji dawa hii kwa kweli. Nitaanza na la kwanza. La pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi.

Tuanze na hesabu. Jeli ya asilimia 5 maana yake ni gramu 5 za dawa katika kila gramu 100 za jeli, yaani miligramu 5,000. Vidonge 50 vya miligramu 10 vina miligramu 500 tu, kwa hiyo ulichotengeneza ni jeli ya asilimia 0.5, sehemu moja ya kumi ya ulichokusudia. Ili kufikia asilimia 5 ungehitaji vidonge 500, na hapo ndipo utakapoona kwa nini vidonge si malighafi ya jeli. Kidonge kizima kina uzito mkubwa mara nyingi kuliko dawa iliyomo, kwa sababu sehemu kubwa yake ni wanga, sukari ya maziwa, selulosi na vitu vingine vya kukishikilia kidonge na kukifanya kipasuke tumboni. Baadhi ya vitu hivyo haviyeyuki hata kidogo katika maji, na sehemu ya ule mchanga unaouona ni hivyo. Anayetengeneza jeli hii kwa taratibu halali hatumii vidonge. Hutumia unga halisi wa minoksidili, wenye cheti cha maabara kinachoonyesha usafi wake.

Sehemu nyingine ya mchanga huo ni dawa yenyewe. Minoksidili haipendi maji. Mililita moja ya maji huyeyusha takriban miligramu 2 tu, hivyo mililita 100 zinaweza kubeba karibu miligramu 200. Wewe ulitia 500, na zile karibu 300 zilizobaki hazikuwa na pa kwenda. Ulipoipasha moto, maji ya moto yalibeba zaidi. Yalipopoa yalitema kilichozidi, kama sukari nyingi katika chai inayopoa. Kupasha moto, basi, kunaficha tatizo kwa muda wa saa chache, kisha dawa hurudi katika umbo la fuwele, yaani chembe ngumu, mara nyingi fuwele kubwa zaidi kuliko zile za mwanzo.

Mafuta ya nyonyo hayatakusaidia. Minoksidili haiyeyuki vizuri katika mafuta, na mafuta yenyewe hayachanganyiki na jeli ya maji bila kiunganishi maalumu, kwa hiyo utapata jeli yenye mchanga na matone ya mafuta juu yake. Nafahamu kuwa mafuta haya yana sifa kubwa kwetu, na kwa kulainisha nywele kavu na kupunguza kukatika kwake sina ugomvi nayo. Lakini hayawezi kuwa kiyeyushi cha dawa hii.

Jeli kulegea kuna sababu yake ya peke yake. Carbopol, ambayo kitaalamu huitwa kabomeri, ni nyuzinyuzi ndefu sana zilizojikunja. Unapotia alkali kidogo, nyuzi hizo hupata chaji hasi, zinasukumana, zinajikunjua na kuyashika maji yote. Hapo ndipo jeli inaposimama. Maji ya alovera yana asidi, na yana chumvi za kalsiamu, magnesi na potasi. Asidi inarudisha nyuzi katika hali yake ya kujikunja, na chumvi inaziba ule msukumano. Jeli ambayo jana ilikuwa imara leo inakuwa uji. Ukiongeza Carbopol zaidi utaificha kasoro hiyo kidogo, lakini utapata ukoko mweupe kichwani.

Sasa tuangalie jinsi wataalamu walivyolitatua jambo hili, maana ukilielewa utaona kuwa jeli ya dawa si jeli ya nywele iliyotiwa dawa. Minoksidili inayeyuka vizuri zaidi katika vimiminika viwili: ethanoli, yaani pombe, inayobeba karibu miligramu 29 kwa mililita, na propileni glaikoli, inayobeba karibu miligramu 75. Ndiyo sababu dawa ya maji ya asilimia 5 inayouzwa madukani kwa kawaida huwa na propileni glaikoli nusu nzima, ethanoli asilimia 30, na maji yaliyobaki. Mchanganyiko huu haukuchaguliwa ili dawa iyeyuke ndani ya chupa pekee. Ulichaguliwa kwa ajili ya kinachotokea juu ya ngozi baada ya chupa kufungwa.

Ukishapaka, ethanoli hupaa ndani ya dakika chache. Kimiminika kinachobaki ni kidogo, lakini dawa ni ileile, kwa hiyo inazidi kukolea hadi inakaribia kiwango ambacho kiyeyushi hakiwezi tena kuibeba. Katika hali hiyo ya kukolea dawa inasukumwa kutoka kwenye kimiminika na kuingia katika ngozi na katika vifuko vya nywele. Propileni glaikoli, ambayo haipai upesi, inabaki pale kuizuia dawa isigeuke fuwele mapema mno. Ikiwa ni kidogo, dawa inakauka juu ya ngozi na kuwa unga mweupe, na unga huo hauingii popote. Utaoshwa au utadondoka kwenye mto. Ikiwa ni nyingi mno, dawa inakaa ndani yake kwa raha na haina haraka ya kutoka, na juu ya hilo mteja anawashwa, kwa kuwa propileni glaikoli ndiyo chanzo cha muwasho kwa wengi wanaolalamikia dawa hii. Mizani hiyo ndiyo kazi kubwa ya mtengenezaji, na haionekani kwa macho. Jeli inaweza kuwa angavu, laini na yenye harufu nzuri, na bado isifikishe dawa mahali pake.

Ukitaka mchanganyiko huo uwe jeli, unaongeza ugumu mwingine. Kabomeri katika pombe nyingi haikubali kusimamishwa na magadi makali, kwa sababu chumvi ya sodiamu inayotokea hutengana na pombe. Hapo kabomeri inahitaji alkali ya aina nyingine, amini kama trietanolamini. Wengi huiepuka kabomeri kabisa na kutumia kizitishaji kingine, haidroksipropili selulosi, ambayo huyeyuka katika ethanoli na hushika bila alkali yoyote. Kwa mchanganyiko wenye pombe nyingi mimi ningeanza na hiyo. Hata hivyo, kila kitu kinachoongeza uzito wa jeli huacha utando kinapokauka, na utando mzito unaweza kuifungia dawa ndani yake. Kisha kuna chombo: kopo la mdomo mpana linalofunguliwa mara kwa mara linapoteza ethanoli, na jeli iliyokuwa sawa mwezi wa kwanza inaanza kutoa fuwele mwezi wa pili. Ethanoli hiyohiyo hushika moto, jambo zito katika chumba chenye pasi za nywele na jiko la kuchemshia maji.

Unayo hoja ya kweli, nami naikubali. Jeli hukaa mahali ilipopakwa, na kwa panja na ukingo wa uso hilo ni faida kubwa kuliko dawa ya maji inayochuruzika hadi kwenye nyusi. Hasara yake ni kipimo. Dawa ya maji huja na kipimo cha mililita moja, sawa na miligramu 50 za dawa katika ile ya asilimia 5. Jeli inayochotwa kwa kidole haina kipimo, na mtu mwenye hamu ya kuona nywele huchota zaidi.

Kipimo kina uzito kwa sababu ya asili ya dawa yenyewe. Minoksidili ilianza kama kidonge cha shinikizo kali la damu, kilichotengenezwa na kampuni ya Upjohn na kuidhinishwa Marekani mwaka 1979. Wagonjwa waliomeza waliota nywele usoni, mikononi na mgongoni, na kutokana na tukio hilo ikatengenezwa dawa ya kupaka ya asilimia 2, iliyoidhinishwa huko mwaka 1988 kwa jina la Rogaine. Kwa hiyo unachopaka kichwani ni dawa inayopanua mishipa ya damu. Kupitia ngozi nzima, inayoingia mwilini ni kidogo, wastani wa karibu asilimia 1.4 ya iliyopakwa. Lakini takwimu hiyo ni ya ngozi isiyo na jeraha. Kichwa kilichotoka kusukwa rasta za kukaza, chenye vipele kwenye mashina na mikwaruzo ya kitana, kinapitisha zaidi. Kichwa kilichofunikwa kofia ya nailoni na kuwekwa chini ya draya vilevile. Mteja anayehisi moyo kwenda mbio, kizunguzungu, kuvimba miguu au maumivu ya kifua anatakiwa kuacha mara moja na kwenda hospitali.

Dawa hii haitakiwi kutumiwa na mjamzito wala anayenyonyesha, na mtoto asiifikie hata kwa kulala juu ya kichwa kilichopakwa. Hispania mwaka 2019 kundi la watoto wachanga liliota nywele mwili mzima kwa sababu dawa yao ya tumbo, omeprazoli, ilichanganywa kutokana na unga uliowekewa lebo isiyo yake. Ndani ilikuwa minoksidili. Kosa lile lilitokea katika mfumo wenye maabara na wakaguzi. Nakueleza haya ili ulitazame tena kopo lako lisilo na lebo ya dawa, lililokaa rafu moja na jeli ya kulaza nywele. Nawe mwenyewe, unayepaka vichwa vingi kwa siku kwa mikono mitupu, unapokea dawa kupitia viganja vyako. Kama nyumbani kuna paka, jua pia kuwa dawa hii humuua paka hata kwa kiasi kidogo cha kulamba.

Nije sasa kwenye lile swali la pili. Minoksidili haioteshi nywele mahali ambapo kifuko cha nywele kimekufa. Kifuko ni kile kichimbo kidogo ndani ya ngozi ambamo unywele huota, na hata dawa yenyewe huhitaji kimeng'enya kilichomo humo, kiitwacho sulfotransferasi, ili igeuke kuwa umbo linalofanya kazi. Umbo hilo hufungua njia za potasiamu katika seli, hufupisha kipindi cha unywele kupumzika na kurefusha kipindi cha kukua. Wapo watu ambao kimeng'enya chao ni dhaifu, na kwao dawa hufanya kazi kidogo hata ikitengenezwa kwa ustadi wa namna gani. Na pale ambapo kifuko kimegeuka kovu, hakuna kimeng'enya wala unywele wa kuamshwa.

Kukatika kwa panja kutokana na kuvutwa huanza kama ugonjwa unaorudi nyuma na huishia kama kovu. Mwanzoni utaona vipele vidogo, maumivu baada ya kusuka, na vinywele vifupi vilivyobaki ukingoni mwa uso. Katika hatua hiyo tiba kuu ni kuacha kuvuta: suka nyepesi, bila kukaza, bila nywele bandia nzito, na kupumzisha kichwa miezi kadhaa. Madaktari wa ngozi wakati mwingine huongeza minoksidili, ingawa idhini ya dawa hii ni kwa ajili ya upungufu wa nywele wa kurithi, si kwa hali hii. Lakini mteja anayepakwa minoksidili asubuhi na kusukwa rasta za kukaza jioni amepoteza fedha yake. Hapa, dada yangu, mikono yako ina uwezo kuliko jeli yoyote nitakayokuelekeza, kwa sababu wewe ndiye unayeamua suka ikaze kiasi gani.

Ngozi ikishakuwa laini na inayong'aa, bila vitundu vya nywele, kovu limeshaingia. Ipo pia hali inayoanza katikati ya utosi na kutanuka kama duara, mara nyingi ikiambatana na muwasho au hisia ya kuungua, ambayo huwapata sana wanawake wenye asili ya Afrika na nayo huacha kovu. Inahitaji daktari mapema, maana kila mwezi wa kusubiri huongeza eneo lisilorudi. Mama anayedondosha nywele kama miezi mitatu baada ya kujifungua kwa kawaida hurudishiwa na mwili wenyewe. Mtoto mwenye mabaka yenye magamba ana uwezekano mkubwa wa mapunye, ambayo hutibiwa kwa dawa ya kumeza kama griseofulvini. Mwingine ana upungufu wa damu au tatizo la tezi ya shingo. Watu hawa wote wanaweza kuketi kwenye kiti chako wiki moja na kulalamika kwa maneno yaleyale: nywele zinakatika.

Unaweza kufanya nini, basi? Jeli yako ya kulaza nywele endelea nayo kama kipodozi, bila dawa ndani yake, na kwa Tanzania taratibu za vipodozi ziko kwa Shirika la Viwango, TBS. Mara tu unapotia minoksidili, bidhaa hiyo imekuwa dawa. Iko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na kwa Kenya chini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Kuitengeneza na kuiuza saluni hairuhusiwi, na kwa niliyoyaeleza sidhani kama utaona zuio hilo kuwa la kukuonea.

Kwa mteja anayestahili dawa, njia fupi ni bidhaa iliyosajiliwa kutoka duka la dawa, baada ya kuonwa na daktari. Anayewashwa na ile ya maji aulizie povu ya asilimia 5, ambayo iliingia soko la Marekani mwaka 2006 na haina propileni glaikoli. Pia haichuruziki, na hilo linajibu malalamiko mawili ya wateja wako kwa pamoja. Wanawake hupewa povu hiyo mara moja kwa siku, au dawa ya maji ya asilimia 2 mara mbili. Mweleze mapema kwamba katika wiki za mwanzo, takriban kuanzia ya pili hadi ya nane, nywele zinaweza kudondoka zaidi, kwa kuwa zile zilizokuwa zimepumzika zinasukumwa nje. Wengi hukata tamaa hapo. Matokeo hupimwa baada ya miezi minne hadi sita, na kwa upungufu wa kurithi, akiacha, alichopata hupotea ndani ya miezi michache.

Akihitaji jeli hasa, daktari anaweza kumwandikia cheti cha dawa na mfamasia mwenye leseni na vifaa akamtengenezea yeye peke yake, kwa kipimo na lebo yake. Kama ndoto yako ni kuitengeneza kwa ajili ya soko, inawezekana ifanyike hapa kwetu. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikitengeneza krimu ya kuwakinga watu wenye ualbino na jua. Lakini njia hiyo inataka mfamasia wa viwandani, unga wenye cheti, maabara ya kupima kiasi cha dawa katika kila toleo, na majaribio ya uthabiti ambamo bidhaa hukaa miezi sita katika joto la nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75, ikipimwa mara kwa mara kama dawa bado ipo, imeyeyuka, na haijatoa fuwele. Ukiamua kuifuata, tafuta kwanza mfamasia wa kushirikiana naye, ndipo ununue chochote.

Kuhusu kopo ulilonalo, acha kulipaka leo. Usilimwage kwenye sinki wala kulitupa jalalani ambako mtoto au mnyama atalifikia; lifunge, liandike kuwa ni dawa, ulipeleke kwa mfamasia akusaidie kuliteketeza. Wapigie wale wateja watatu. Waulize kama kuna mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa moyo au anayetumia dawa za presha, na kama yeyote amehisi mapigo kwenda mbio, kizunguzungu au kuvimba. Atakayejibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo aende kituo cha afya akiwa na maelezo ya alichopakwa na kwa siku ngapi. Waliobaki waoshe vichwa, na yule ambaye panja zake zimeanza kung'aa umwelekeze kwa daktari wa ngozi kabla ya kumsuka tena.